Maswali ya Wasomaji: Larry Robinson, beki wa barafuni aliyegeuka mwalimu

SWALI: Ndugu Mhariri, kila panapozungumzwa habari za hoki ya barafu ya Kanada na Marekani, jina la Larry Robinson halikosi kutajwa, mara kama mchezaji, mara kama kocha. Ninachojua ni kwamba alikuwa beki. Naomba mnieleze beki wa hoki hufanya kazi gani hasa, kwa kuwa mimi nimezoea beki wa kandanda, na huyu Robinson sifa zake alizipatia wapi.

JIBU: Ndugu msomaji, mabeki hao wanafanana kwa jina, lakini kazi zao zinatofautiana sana. Timu ya hoki huwa na wachezaji sita uwanjani, yaani kipa mmoja, mabeki wawili na washambuliaji watatu, na kwa kuwa mbio za barafuni huchosha upesi, wachezaji hubadilishana kila baada ya muda usiofika dakika moja, mara nyingi bila mchezo kusimama. Ndiyo sababu timu huingia mechini na mabeki wapatao sita wanaocheza wawili wawili, na aliye hodari kuliko wenzake huweza kutumia dakika 25 au zaidi kati ya 60 za mechi akiwa uwanjani. Uwanja umezungushiwa ukuta, na kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachochezewa hakihesabiwi kuwa kimetoka kinapougonga ukuta huo; hurudi ndani, na mapambano yakaendelea palepale, hasa katika pembe zilizo nyuma ya goli, ambako beki hupigwa vikumbo kutwa.

Ukitaka kumwelewa beki, mtazame mshambuliaji anapomjia kwa kasi. Beki huteleza kinyumenyume, uso wake ukimwelekea mpinzani, na gongo lake amelinyoosha chini ili kuziba njia ya pasi. Macho yake hayafuati kisahani, kwa maana mikono ya mshambuliaji hodari hudanganya. Huangalia kifua, kwa kuwa kifua hakiwezi kwenda upande ambao mwili wote hauendi. Akirudi nyuma haraka mno, anamwachia mpinzani nafasi ya kupiga, akichelewa, anapitwa. Kazi yake ni kuupunguza umbali huo kidogo kidogo na kumsukumia mpinzani pembeni, karibu na ukuta, mpaka asibakiwe na upande wa kupiga. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni pasi ya kwanza baada ya kunyang'anya. Pasi hiyo ikifika salama, washambuliaji watatu wanaondoka. Ikipotea, wapinzani wanarudi na beki anaanza upya akiwa amechoka.

Robinson aliziweza nusu zote mbili, na hilo ni nadra. Alizaliwa tarehe 2 Juni 1951 katika mji wa Winchester, jimbo la Ontario, nchini Kanada, akakua hadi kimo cha sentimita 193 hivi na uzito wa zaidi ya kilo 100. Mwaka 1971 klabu ya Montreal Canadiens ilimchagua akiwa wa 20 katika uteuzi wa vijana wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, siku ileile ambayo klabu hiyohiyo ilimchagua Guy Lafleur akiwa wa kwanza. Lafleur aliingia timu kubwa moja kwa moja. Robinson akapelekwa kwanza Nova Scotia Voyageurs, timu ya ligi ya chini yake, chini ya kocha Al MacNeil, ambaye naye alikuwa amecheza beki. Huko akatwaa Kombe la Calder, kombe la ligi hiyo ya chini, mwaka 1972. Alipandishwa mwezi Januari 1973, na msimu huo haukwisha kabla hajalishika Kombe la Stanley, ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika mchezo huo. Alikaa Montreal misimu 17 na kulitwaa mara 6: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1976 hadi 1979, na tena mwaka 1986. Tuzo ya Norris, anayopewa beki bora wa mwaka, aliipata mwaka 1977 na mwaka 1980. Na mwaka 1978 akapewa tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa hatua ya mtoano.

Kuhusu nguvu zake, wapenzi wa mchezo huu hadi leo husimulia fainali ya mwaka 1976 dhidi ya Philadelphia Flyers, timu iliyokuwa imetwaa kombe miaka miwili mfululizo kwa mchezo wa ubabe ulioogopwa na ligi nzima. Katika mechi ya pili mjini Montreal, Robinson alimkumba Gary Dornhoefer kwa kikumbo halali kilichombamiza ukutani kwa kishindo, hata ubao wa ukuta ukabonyea na mchezo ukasimamishwa ili mafundi waurekebishe. Canadiens walishinda mechi zote nne za fainali hiyo.

SWALI: Nimesoma kwamba Robinson aliwahi kumaliza msimu akiwa na hesabu ya +120. Hesabu hiyo ni ya nini? Na je, sifa hiyo ni yake au ni ya timu nzima?

JIBU: Hesabu yenyewe ni rahisi. Timu yako ikifunga bao wewe ukiwa uwanjani, unaongezewa moja. Ikifungwa ukiwa uwanjani, unapunguziwa moja, ama wewe ndiye uliyekosea ama siye. Mabao yanayofungwa na timu iliyo na ziada ya mtu, kwa sababu mpinzani ametolewa kwa adhabu, hayaingizwi. Kwa hiyo +120 maana yake ni kwamba katika msimu wa 1976–77, kwa kipimo hicho, Canadiens walifunga mabao 120 zaidi ya waliyofungwa wakati Robinson akiwa uwanjani. Katika historia ya ligi ni mtu mmoja tu aliyewahi kupita hapo, naye ni Bobby Orr wa Boston Bruins, aliyepata +124 msimu wa 1970–71.

Swali lako la pili ni la haki kabisa. Canadiens wa msimu ule walicheza mechi 80, wakashinda 60, wakatoka sare 12 na kupoteza 8 tu. Kipa alikuwa Ken Dryden, mfungaji alikuwa Lafleur, kocha alikuwa Scotty Bowman, na mabeki wenzake Robinson walikuwa Serge Savard na Guy Lapointe, ambao wote wawili leo wamo katika Ukumbi wa Mashuhuri wa Hoki. Beki yeyote angeonekana mzuri kidogo zaidi katika kikosi kama hicho. Hata hivyo wenzake walicheza katika kikosi hichohicho, na hakuna hata mmoja wao aliyemfikia. Msimu ule yeye mwenyewe alifunga mabao 19 na kutoa pasi 66 za mabao, jumla pointi 85, idadi ambayo washambuliaji wengi wangeifurahia. Ukijumlisha misimu yake yote 20, pamoja na mitatu ya mwisho aliyochezea Los Angeles Kings kuanzia 1989 hadi 1992, hesabu yake ya kuongezewa na kupunguziwa inazidi 700, na hakuna mchezaji mwingine wa NHL aliyeifikia. Katika misimu hiyo 20 hakukuwa na hata mmoja ambao timu yake ilikosa kufika hatua ya mtoano.

Naona inafaa kuongeza neno moja hapa, kwa sababu linahusu pia maisha yake ya ukocha. Hesabu ya namna hii haimpatii sifa beki aliyepiga kisahani vizuri mara moja; humpatia yule ambaye mechi baada ya mechi husimama mahali panapostahili, hutoa pasi inayostahili, na hafanyi jambo la kipumbavu anapochoka. Mambo hayo mtu huyajua kwa kufikiri, na kinachojulikana kwa kufikiri kinaweza kufundishwa kwa mwingine.

SWALI: Husemwa kwamba mchezaji hodari si lazima awe kocha hodari, kwa kuwa yanayomjia yeye kwa urahisi hawezi kuwaeleza wengine. Robinson yuko upande upi? Nasikia alitwaa kombe akiwa kocha, lakini pia nasikia aliachishwa kazi.

JIBU: Yote mawili uliyoyasikia ni kweli. Naomba nieleze kwa mpangilio, maana ukiyachukua vipande vipande unaweza kumdhulumu.

Baada ya kustaafu, Robinson hakukimbilia kiti cha kocha mkuu. Mwaka 1993 alijiunga na New Jersey Devils akiwa kocha msaidizi, chini ya Jacques Lemaire, ambaye walikuwa wamecheza pamoja Montreal. Kikosi hicho kilikuwa na mabeki kama Scott Stevens, aliyekuwa nahodha mwenye kikumbo cha kuogofya, Ken Daneyko, na kijana Scott Niedermayer, aliyekuwa na kasi ya ajabu lakini bado hajajua lini apande na lini abaki. Mwaka 1995 Devils walilitwaa Kombe la Stanley kwa kuwashinda Detroit Red Wings mechi nne kwa bila, na aliyekuwa akiwafundisha Detroit ni Scotty Bowman yuleyule aliyewafundisha Lemaire na Robinson walipokuwa vijana. Mwaka huohuo Robinson aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri, na mwaka huohuo Los Angeles Kings wakampa ukocha mkuu.

Miaka minne ya Los Angeles ilikuwa migumu. Alipewa timu iliyokuwa ikibomolewa: msimu wake wa kwanza ulikuwa haujaisha, Februari 1996, Wayne Gretzky akahamishiwa St. Louis Blues. Katika misimu minne Kings walifika hatua ya mtoano mara moja tu, mwaka 1998, wakatolewa na hao Blues bila kushinda mechi hata moja. Mwaka 1999 akaondoka. Waliomhukumu kwa miaka hiyo peke yake walisema methali uliyoitaja imethibitika.

Akarudi New Jersey katika kiti chake cha usaidizi. Tarehe 23 Machi 2000, zikiwa zimesalia mechi 8 tu za msimu wa kawaida, meneja mkuu Lou Lamoriello alimwachisha kazi kocha Robbie Ftorek, ingawa timu ilikuwa miongoni mwa zinazoongoza, akamkabidhi Robinson. Fikiria ugumu wa kupokea timu katika saa kama hiyo. Hakuna muda wa kubadili mfumo wala kusajili mtu. Kilichobaki ni kuwatuliza wachezaji na kuwafanya waamini tena kile ambacho tayari wanakijua. Kwa mtu ambaye wachezaji walimzoea akiwa mwalimu wao wa kila siku, mwenye sauti ya upole, hiyo ilikuwa kazi iliyomlingana.

Katika fainali ya kanda ya Mashariki walikutana na Philadelphia Flyers, wakajikuta nyuma kwa mechi tatu kwa moja. Baada ya kupoteza mechi ya nne, Robinson alilipuka kwa hasira chumbani mwa wachezaji kwa namna ambayo hawakuwahi kuiona kwake. Ninaamini nguvu ya siku ile ilitokana na upole wa siku zilizotangulia. Kocha anayefoka kila siku akifoka tena, wachezaji huinamisha vichwa wakingoja amalize. Mtu mpole akifoka mara moja, kila mmoja hujiuliza amefanya nini. Devils walishinda mechi tatu zilizofuata, mbili kati yake zikiwa katika uwanja wa Flyers wenyewe, wakaingia fainali dhidi ya mabingwa watetezi, Dallas Stars.

Fainali hiyo iliamuliwa katika mechi ya sita mjini Dallas, tarehe 10 Juni 2000, kwa bao la Jason Arnott katika kipindi cha pili cha muda wa nyongeza. Mapema katika mechi hiyo mshambuliaji Petr Sykora alikuwa amekumbwa vibaya na kupelekwa hospitali. Kombe lilipoletwa uwanjani, Robinson alionekana akisherehekea akiwa amevaa jezi ya Sykora. Sijui kama kuna picha nyingine ya kocha wa hoki inayonigusa kuliko hiyo: mtu wa miaka 49 aliyekwisha kuwa na makombe ya kutosha, anashangilia akiwa na jina la kijana aliyelala hospitali mgongoni.

Mwaka uliofuata aliifikisha timu fainali tena, wakawa mbele kwa mechi tatu kwa mbili dhidi ya Colorado Avalanche, kisha wakapoteza mbili za mwisho. Kwa hiyo alikuwa ametoka kucheza fainali mbili mfululizo alipoachishwa kazi mwezi Januari 2002, timu ilipoyumba. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa wa haraka mno. Lakini angalia alichofanya baadaye: alibaki katika klabu hiyohiyo iliyomwondoa, akaendelea kuwasaidia makocha wengine, na Devils walipolitwaa kombe tena mwaka 2003 alikuwa bado ndani ya nyumba.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba methali yako haimpati. Robinson alikuwa mwalimu wa kweli, na ushahidi wake uko zaidi katika miaka aliyokaa pembeni ya kocha mkuu kuliko katika ile aliyokuwa mkuu mwenyewe.

SWALI: Lakini si ni huyuhuyu aliyejiuzulu katikati ya msimu wa 2005–06? Kwa maoni yangu, nahodha hawezi kuiacha merikebu baharini. Kwa nini mnamsifu?

JIBU: Ni kweli alijiuzulu, tarehe 19 Desemba 2005. Mwezi Julai mwaka huo alikuwa ameombwa aichukue tena timu ya Devils kwa sababu kocha Pat Burns alikuwa akiugua saratani na asingeweza kuendelea. Baada ya miezi mitano hivi Robinson alieleza wazi kwamba msongo wa kazi ulikuwa umeanza kumdhuru mwili, akisumbuliwa na maumivu ya kichwa, na Lamoriello akashika mwenyewe nafasi ya ukocha.

Ndugu msomaji, hapa siwezi kukubaliana nawe. Kocha mkuu katika ligi ile husafiri karibu kila juma kwa mechi zaidi ya 80 za msimu wa kawaida, huhojiwa na waandishi kabla na baada ya kila mechi, na huamua kila siku nani acheze na nani akae nje, jambo ambalo kwa mtu anayewapenda wachezaji wake ni mzigo mzito kuliko wengi tunavyodhani. Mtu aliyeshinda kila kitu hakuwa na haja ya kujificha nyuma ya maradhi. Alisema ukweli mapema, timu ikapata mtu mwingine wakati msimu ulikuwa bado haujafika katikati, na msimu huo Devils walimaliza wakiwa wa kwanza katika kundi lao. Angeng'ang'ania, pengine angeidhuru timu na nafsi yake pia.

Wala hakuacha mchezo. Mwaka 2012 alijiunga na San Jose Sharks katika benchi la ufundi, tena pembeni ya kocha mkuu. Kuanzia 2017 alikuwa mshauri wa St. Louis Blues, timu ambayo mwanzoni mwa Januari 2019 ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima, na miezi mitano baadaye ikalitwaa Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kwa Robinson hilo lilikuwa la 10, ukihesabu yale 6 ya uchezaji.

SWALI: Kijana wangu ni beki katika timu ya vijana. Hana kasi ya kutosha kufika ligi kubwa, na mwenyewe anajua, lakini anataka kuwa kocha. Je, beki ana nafasi? Na aanzie wapi?

JIBU: Ana nafasi, na huenda ni kubwa kuliko ya wengine. Beki hucheza mchezo mzima ukiwa mbele ya macho yake. Anaona safu ya wapinzani inavyojipanga na safu yake mwenyewe inavyovunjika. Al Arbour alikuwa beki wa kawaida, anayejulikana kwa kucheza akiwa amevaa miwani, lakini akiwa kocha wa New York Islanders alitwaa makombe manne mfululizo, kuanzia 1980 hadi 1983. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 75, klabu hiyo ilimrudisha benchini kwa mechi moja ili atimize mechi yake ya 1,500 akiwa kocha wa klabu hiyo, na akashinda. Randy Carlyle, aliyepata tuzo ya Norris mwaka 1981, aliwapa Anaheim Ducks kombe mwaka 2007, nahodha wake akiwa Scott Niedermayer yule aliyekulia mikononi mwa Robinson kule New Jersey.

Anayemfaa zaidi kijana wako, hata hivyo, ni Jared Bednar. Naye alikuwa beki, akacheza miaka yote katika ligi za chini bila kuingia NHL hata kwa mechi moja. Alianza ukocha hukohuko chini, akatwaa Kombe la Kelly na South Carolina Stingrays mwaka 2009, Kombe la Calder na Lake Erie Monsters mwaka 2016, na Kombe la Stanley na Colorado Avalanche mwaka 2022.

Kuhusu mahali pa kuanzia, ningemshauri aombe kumsaidia kocha wa watoto wadogo, na ajichagulie mabeki. Kocha msaidizi wa mabeki hana haja ya kuhutubia timu nzima. Kazi yake ni kumwita mchezaji mmoja pembeni baada ya mazoezi, kumwonyesha katika video bao moja walilofungwa, na kulirudisha nyuma sekunde tano au kumi, kwa sababu mara nyingi kosa halipo pale mshambuliaji anapopiga, lipo pale beki alipogeuza mabega mapema au alipoachia umbali ukawa mrefu. Kisha warudi barafuni wote wawili, kocha ashike kisahani na kumjia polepole, mara nyingi, mpaka miguu ya mtoto ijue yenyewe lini isimame. Kijana wako akigundua kwamba saa kama hiyo inampendeza kuliko kufunga bao, basi amuulize kocha wake wiki hiihii kama anaweza kupewa kikundi.